Kichocho cha Ubaoni na Kichocho cha Ziwani

Mwalimu, shule na watoto wa kisa hiki ni wa kutunga. Ziwa ni hilihili letu la Victoria, na ugonjwa ni kichocho, ambacho sisi wa Kanda ya Ziwa tumezaliwa tukakikuta, na wengi wamekibeba tumboni bila kujua.

Shule yenyewe imekaa juu ya mwinuko wa mawe. Iweke Ukerewe, Kome au Igombe, popote unapopafahamu. Chini yake kuna mwalo. Asubuhi dagaa wa usiku wanaanikwa mchangani, akina mama wanafukuza ndege, na harufu inapanda hadi darasa la sita, ambamo watoto tisini na kitu wamebanana wanne wanne kwenye madawati. Mwalimu wao wa Sayansi na Teknolojia ni kijana, na kazi yake anaipenda. Hilo nalisisitiza, maana visa vya namna hii huanza na mwalimu mvivu au mlevi, na msomaji akajitoa mapema akisema hayo hayamhusu. Huyu hakuwa mvivu. Usiku wa kuamkia ukaguzi alikesha na manila na kalamu rashia akichora konokono.

Chuoni alifundishwa kwamba mtoto haji shuleni akiwa debe tupu la kumiminiwa. Maarifa huyajenga mwenyewe kwa kutenda, kuuliza na kubishana na wenzake, na kazi ya mwalimu ni kuusaidia ujenzi huo. Aliyaamini hayo, na ni mambo ya kuaminika. Andalio lake la somo lilikuwa na safu ya shughuli za mwalimu na safu ya shughuli za mwanafunzi, na iliyokuwa ndefu ni hiyo ya pili.

Mdhibiti ubora wa shule, mama mtu mzima aliyewahi kufundisha miaka mingi, alikaa dawati la nyuma. Darasa likagawanywa makundi kumi: Simba, Twiga, Sato, Sangara na mengineyo. Kila kundi likapewa kadi zenye hatua za kichocho. Yai linatoka na mkojo au kinyesi cha mgonjwa, linaanguliwa likifika majini, kijidudu kinamwingia konokono, kinazaliana humo, vijidudu vyenye mkia vinatoka kwa konokono na kuogelea, vinapenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Watoto wakapanga kadi kwa mfuatano, wakajadiliana, katibu akaandika, kiongozi akasimama mbele kuwasilisha. Aliyeng'ara ni msichana wa kundi la Sangara. Alieleza mzunguko mzima bila kutazama karatasi, akapigiwa makofi ya kilo.

“Dalili ya kichocho ni nini?”

“Kukojoa damu!”

“Tunajikinga vipi?”

“Kwa kutooga wala kuchezea maji yaliyotuama!”

“Tumeelewa?”

“Ndiyooo!”

Mama mdhibiti akaandika kwenye fomu kwamba mbinu ni shirikishi, zana zipo, wanafunzi wamechangamka. Yote yalikuwa kweli.

Kengele ikalia, imebaki nusu saa ifike saa sita. Wiki hiyo zamu ilikuwa ya Mwalimu huyuhuyu, na bustani ya shule ilikuwa imekauka, vyoo navyo havina maji. Akaita darasa la sita. Watoto wakachukua ndoo na madumu, wakashuka mwaloni wakiimba. Kando kando ya ziwa maji huwa na povu na magamba ya samaki, kwa hiyo anayetaka maji safi huingia ndani kidogo. Wakaingia mpaka magotini, wengine mpaka mapajani, msichana wa Sangara akiwa mbele. Jua lilikuwa la utosi. Ni saa hizohizo za mchana ambapo vijidudu vya kichocho hutoka kwa wingi kwenye konokono. Mwalimu alisimama juu ya jiwe akihesabu madumu.

Mama mdhibiti alikuwa anateremka kufuata mtumbwi wa kumrudisha. Akasimama.

“Shikamoo, mama,” watoto wakaamkia pamoja, maji yakiwafika mapajani.

“Marahaba, wanangu. Si tumetoka kusoma kichocho sasa hivi? Hamkiogopi?”

Msichana akajibu kwa adabu, na kwa uhakika uleule aliokuwa nao ubaoni. “Kichocho hakipo hapa, mama. Kipo kwenye maji yaliyotuama, kule kwenye malambo na majaruba ya mpunga. Haya yana mawimbi.”

“Na sisi hatukojoi damu,” akaongeza mvulana mmoja.

“Kwenu hakuna anayeumwa tumbo?”

Msichana akafikiri. “Kaka yangu limevimba. Bibi anasema ni bandama.”

Tukae hapa kidogo, maana kiini cha kisa ni haya majibu matatu. Ni rahisi kusema kwamba somo halikumwingia msichana huyu, akakariri tu. Mimi naona limemwingia hasa. Alichukua kanuni aliyopewa, kwamba kichocho kipo kwenye maji yaliyotuama, akaipima kwa jambo analolijua kuliko mwalimu wake, yaani mawimbi ya ziwa alilozaliwa kando yake, akatoa hukumu: hapa ni salama. Amejenga maarifa kama nadharia inavyosema watoto hufanya. Ameyajenga juu ya msingi ambao hakuna mtu mzima aliyeuangalia, na jengo limesimama vizuri likiwa na hitilafu ndani yake.

Hitilafu yenyewe ni ya hatari, kwani kichocho chetu kipo cha aina mbili. Kile cha mkojo hukaa zaidi bara, kwenye malambo na mashamba ya mpunga ya Usukumani, na ndicho kinachomfanya mtu akojoe damu. Cha mwambao na visiwani ni cha tumbo. Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, mayai mengine hutoka na kinyesi, na mengine husukumwa na damu hadi kwenye ini yakanasa huko. Mgonjwa wa aina hii anaweza kuishi miaka bila kuona tone la damu kwenye mkojo. Ini hujaa makovu, bandama huvimba, tumbo hutuna, na mwishowe mishipa ya koo la chakula hupasuka na mtu hutapika damu. Ukerewe, kisiwa kinachopigwa na mawimbi pande zote, ni miongoni mwa sehemu zinazojulikana sana kwa kichocho cha tumbo. Daftari la darasa la sita lilikuwa na dalili ya ugonjwa wa bara na maji ya bara, likasomwa na watoto wa ziwani.

Kaka wa yule msichana alisoma shuleni hapohapo, akamaliza darasa la saba. Aliulizwa swali la kichocho kwenye mtihani akalipata. Baadaye akawa anavuta nyavu na wajomba zake, na tumbo likawa linakua huku bibi akimkanda kwa dawa za majani. Miezi kadhaa baada ya ukaguzi alitapika damu usiku akiwa kambini. Wakampakia kwenye mtumbwi, kisha kwenye gari, wakamfikisha Hospitali ya Bugando akiwa hai. Damu ilizuiwa. Vidonge vya prazikwanteli vilivyoua minyoo vilikuwa ni vilevile vinavyogawiwa bure shuleni, mtoto akisimamishwa kwenye fimbo ya kupimia urefu ili ijulikane ameze vingapi. Lakini ini lililokwisha kujaa makovu, dawa hiyo hailirudishii upya wake.

Nani alaumiwe? Mwalimu alitimiza kila alichoagizwa. Aligawa makundi, akaandaa zana, akawapa watoto nafasi ya kusema. Walichokosa kupewa ni swali ambalo jibu lake Mwalimu hakuwa nalo tayari. Kadi zilikuwa na mfuatano mmoja sahihi, na kundi lilichotakiwa ni kuufikia. Watoto tisini walizungumza kwa muda wa vipindi viwili, na hakuna aliyeulizwa yeye anaamini kichocho kinatoka wapi.

Wazee wa nadharia hii walianzia hapo. Jean Piaget, wa Uswisi, alitumia miaka akikaa na watoto na kuwauliza kwa nini jua linakwenda au upepo unatoka wapi, kisha akanyamaza kusikiliza majibu ambayo watu wazima wengine wangeyacheka. Lev Vygotsky, wa Urusi, aliyefariki 1934 akiwa hajatimiza miaka 38, alisisitiza kwamba mtoto hufika mbali zaidi akiongozwa na anayejua kuliko akiachwa peke yake. Mmarekani David Ausubel aliandika mwaka 1968 kwamba jambo kubwa kuliko yote katika kujifunza ni lile ambalo mwanafunzi tayari analijua, na kwamba mwalimu alitafute hilo kwanza. Manila na majina ya makundi hayamo katika kiini cha mafundisho yao. Kilichomo ni kwamba mwalimu ajue kilichomo kichwani mwa mtoto kabla ya kuongeza chochote.

Na hatuna haja ya kwenda Ulaya kupata ushahidi. Mwaka 1963, kijana Erasto Mpemba wa Sekondari ya Magamba, mkoani Tanga, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Akihofia kukosa nafasi kwenye friji, aliweka maziwa yake yakiwa bado ya moto, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Akamuuliza mwalimu. Akaambiwa amechanganya mambo. Alipouliza tena akisoma Mkwawa, Iringa, na kung'ang'ania, mwalimu wa huko alisema hiyo ni fizikia ya Mpemba, ikawa dhihaka ya darasa. Hukohuko Mkwawa alimuuliza pia Dkt. Denis Osborne, mhadhiri wa chuo kikuu aliyekuja kutoka Dar es Salaam. Wanafunzi wakacheka. Osborne hakucheka, alirudi Dar es Salaam akaagiza jambo hilo lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala yao. Leo dunia nzima inataja jambo hilo kwa jina la Mpemba, na wanasayansi bado wanabishana kama hutokea kweli. Ubishi huo haupunguzi kitu. Kijana alikuwa ameona kwa macho yake, na mwalimu wa kwanza hakutaka kujua ameona nini.

Kinachonitia hofu ni kwamba kosa la shule ya kisa hiki si geni kwetu. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule imkuze mtoto mwenye akili ya kudadisi, awezaye kujifunza kwa wengine, kukataa kisichomfaa au kukirekebisha kwa mahitaji yake, na anayejiamini. Baada ya muda, katika shule nyingi, kujitegemea kukawa shamba la shule, na jembe likawa adhabu ya wachelewaji. Kilichoonekana kwa macho kilibaki, udadisi ukaondoka. Hapa Mwanza kwenyewe ndipo yalipokuwa makao ya mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima ulioendeshwa na serikali na UNESCO kati ya 1968 na 1972 katika mikoa ya ziwa. Watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vya pamba, migomba na uvuvi, kazi walizokuwa wakizifanya kila siku. Wazo hilo nalipenda mpaka leo. Lakini kitabu cha pamba kinaweza kuanza na anachojua mkulima, na kinaweza pia kumwambia tu namna ya kulima. Ukikitazama kwa nje, hutatambua tofauti. Tofauti inajulikana darasani, mkulima anapofungua mdomo na mwalimu akaamua kumsikiliza au kumkatisha.

Mwaka 2005 mtaala wa sekondari uligeuzwa kuwa wa umahiri, wa msingi nao ukafuata njia hiyo, na mbinu shirikishi zikawa lugha ya kila semina. Januari 2024 tulianza kutekeleza mtaala mwingine mpya, unaosisitiza ujuzi zaidi. Ninauunga mkono. Lakini naona jinsi ilivyo rahisi, kwa darasa la watoto tisini na dakika chache za kipindi, kuchukua makundi na kuacha swali, kwa kuwa makundi yanaonekana na mkaguzi.

Turudi mwaloni. Mama mdhibiti hakumgombeza Mwalimu mbele ya watoto. Alimvuta pembeni akamwambia, “Mwanangu, nimeandika vizuri sana kwenye fomu, na sasa sijui niandike nini. Kesho usichukue manila. Waulize tu.”

Kesho yake aliwauliza. “Nani anamjua mtu mwenye kichocho? Unadhani alikipataje?” Darasa lilikaa kimya muda mrefu, kwa sababu watoto walikuwa wanatafuta jibu analolitaka Mwalimu. Alipoapa kwamba hatamkosoa mtu, maneno yakaanza kutoka. Kichocho kinatokana na kunywa maji yasiyochemshwa. Kinarithiwa. Tumbo kubwa ni la kurogwa, kichocho ni cha mkojo tu. Wavuvi hawakipati kwa sababu wamezoea maji. Mwalimu akayaandika yote ubaoni, bila kufuta, na kila moja wakaliuliza: kama ni kweli, tungetarajia kuona nini hapa kijijini? Kama kinatokana na kunywa, mbona mtoto asiyekunywa maji ya ziwa anaugua? Mbona mzee aliyevua miaka thelathini tumbo lake limevimba?

Hoja ya mawimbi ndiyo iliyokuwa ngumu kuvunjika, na aliyeivunja ni mvulana wa dawati la mwisho, mmoja wa wale wasiozungumza. Alisita kwanza. “Mwalimu, hutamwambia mtu?” Akaapiwa. Ndipo akasema kwamba baba yake huvuta kokoro, nyavu zile zilizokatazwa na serikali, zinazokwangua chini ya ziwa, na kwamba kokoro likifika mchangani huwa na konokono wadogo, hata likiwa limetupwa mbali, kwenye maji ya wazi, pasipo na majani. Yeye ndiye huwachambua. Akaonyesha kwa kidole: bapa, wamejikunja kama kamba iliyozungushwa.

Darasa zima likamgeukia yule msichana wa Sangara. Hakuaibika. Akasema, “Kumbe wapo.”

Kwa neno hilo alikuwa amebomoa mwenyewe alichokijenga jana yake. Mwalimu hakuweza kulifanya hilo kwa kadi, kwa sababu ushahidi ulikuwa mikononi mwa mtoto wa mvuvi haramu, na kadi hazikumwachia nafasi ya kuutoa. Lakini pia mtoto yule asingefika peke yake. Hakujua kwamba konokono wale ndio wanaobeba kichocho, Mwalimu alijua. Wale wanaodhani mbinu hii ni mwalimu kukaa kando na watoto wagundue kila kitu hawajaielewa. Hakuna mtoto wa darasa la sita atakayegundua kwa majadiliano kijidudu asichoweza kukiona. Hilo sharti aambiwe na anayejua, na aambiwe wakati ambapo lina mahali pa kukaa.

Baada ya hapo shule ilibadili utaratibu wa maji. Vijidudu vya kichocho vikishatoka kwa konokono haviishi zaidi ya siku mbili. Kwa hiyo mwalimu mkuu na kamati ya shule walitafuta pampu ya mkono na pipa kubwa, maji yakawa yanavutwa na watu wazima na kulazwa siku mbili kabla watoto hawajayagusa. Haikutosha, na sitaki kudanganya kwamba somo zuri linamaliza kichocho. Watoto walewale jioni walirudi mwaloni kufua na kuoga, maana nyumbani hakuna bomba, na mtu mwenye njaa haachi kuvua. Kichocho kinaondoka kwa vyoo, maji ya bomba na dawa za kila mwaka, zikisaidiwa na elimu. Bila vitu hivyo elimu itasaidia kidogo. Lakini msichana yule sasa alikuwa anajua anachokiingia, na aliporudi nyumbani alimwambia bibi kwamba tumbo la kaka si la majani. Bibi akabisha, na miezi ikapita katika ubishi huo. Usiku kaka alipotapika damu, ni msichana aliyesema waende hospitali, wasiende kwa mganga.

Kisha ukaja mtihani wa ujirani mwema, uliotungwa na shule za kata na kusahihishwa kwa kubadilishana. Swali la 14 liliuliza kichocho huambukizwa kwenye maji ya aina gani. Msichana akaandika: maji ya ziwa, mito na malambo, yenye konokono. Karatasi ya majibu iliandikwa: maji yaliyotuama. Msahihishaji, mwalimu wa shule jirani aliyekuwa na rundo la karatasi na jioni moja ya kulimaliza, akapiga mkasi. Mvulana wa kundi la Twiga, ambaye hakuwepo siku ile ya maswali, aliandika maji yaliyotuama akapata.

Walimu wa mwambao mnaokaa kutunga mtihani wa ujirani mwema mwaka huu, nawaomba jambo moja. Kabla ya kuandika karatasi ya majibu ya swali la kichocho, wafuateni watoto watano wa shule yenu, muwaulize kama kipo kwenye mwalo wenu, na kwa nini. Andikeni swali linaloutaja mwalo huo kwa jina. Na mtoto atakayejibu kwamba kichocho kipo ziwani, mpeni alama yake.